Mpangaji Asiye na Miiba

"Siyo kabati hilo, Daktari. Hilo la kaa. Lifunge upesi, harufu yake haina adabu."

Daktari alilifunga akakunja pua. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na ushei, ametoka chuo kikuu cha mbali na begi mgongoni, na tangu asubuhi alikuwa amefungua makabati manne bila kukiona alichokifuata. Aliyemwelekeza alikuwa mama wa miaka sitini na sita, mfupi, mwenye mikono iliyokauka ngozi. Alistaafu miaka sita iliyopita, na leo ameombwa arudi kwa siku moja tu. Sababu? Katika jumba lote lile la makumbusho hakubaki mtu anayeweza kusoma mwandiko wa marehemu Mwalimu, mtafiti wao wa zamani. Mwandiko wenyewe, tuseme ukweli, ulikuwa kama kuku kapita na matope miguuni.

Hapo kazini walimwita Mama Povu. Alikuwa na jina lake zuri tu alilopewa na wazazi, lakini ungemuulizia kwa jina hilo mlangoni, mlinzi angekuambia hamjui mtu huyo, nenda salama.

"Droo ya tisa," alisema. "Usiivute kwanza. Inyanyue, halafu ndiyo uivute. Ina kiburi."

"Kama mwenyewe," ilisema sauti nyuma yao. Huyo alikuwa Funguo, karani wa stoo, tumbo mbele na kitita cha funguo kiunoni. Yeye na Mama Povu walianza kazi mwaka mmoja, na tangu hapo hawajawahi kusalimiana bila kuchokozana.

"Funguo! Na wewe bado upo? Nilidhani walishakutia kwenye chupa."

"Walikosa chupa ya saizi yangu."

Daktari alicheka. Mama Povu naye alicheka, kisha akageuka upesi akajifanya anatazama dirisha. Sinki lilikuwa palepale, na doa lake la manjano. Kigoda chake kilikuwa palepale, mguu mmoja mfupi, kipande cha kadibodi alichokiweka yeye mwenyewe kikiwa bado kimetiwa chini yake. Alikipenda chumba hiki. Alikipenda kuliko nyumba yoyote aliyowahi kupanga, na hakuwahi kumwambia mtu, maana nani atakuelewa ukisema unapenda chumba kinachonuka spiriti?

Sasa wewe usiyewajua wanyama waliokuwa wakioshwa humo, usione haya. Hata yeye hakuwajua. Umewahi kuokota ganda la chaza ukakuta limepakwa kitu cheupe, kigumu, chenye vitundu vitundu, ukadhani ni uchafu? Basi ndio hao. Vitabu huwaita briozoa. Kila nukta katika weupe ule ni chumba, na kila chumba kina mlango wake na mpangaji wake, mdogo kuliko punje ya chumvi. Ndiyo maana wafanyakazi wa pale waliwaita wapangaji, na jina likakaa.

Mama Povu aliajiriwa kufagia, si zaidi. Siku yake ya kwanza alikuta meza ya Mwalimu imejaa maganda machafu, akasema moyoni, kumbe wasomi nao ni wavivu hivi! Akatafuta kisu na brashi ya waya. Alisugua maganda arobaini na moja mpaka yakang'aa, akayapanga kwa ukubwa, akasimama kando kungoja kusifiwa. Mwalimu aliingia. Akaitazama meza. Akakaa sakafuni, mtu mzima na suti yake.

"Mama," alisema, "umewafukuza wapangaji wote."

Hakujua alie au akimbie. Aliyeanza kucheka ni Mwalimu mwenyewe, akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akamwita kwenye hadubini amwonyeshe ganda moja lililosalimika chini ya gazeti. Mama Povu aliinamisha jicho akaona mtaa mzima, nyumba zimebanana, milango imeelekea upande mmoja. "Mama yangu!" alisema. Kuanzia kesho yake hakushika tena ufagio. Mwalimu alisema mtu mwenye mikono ya kusugua vile ni heri afundishwe kusugua kinachotakiwa.

Akafundishwa. Mpangaji wa kwanza huja akiogelea, hata jicho halimwoni, anazunguka saa chache tu akitafuta pa kukaa. Akipapata anashika, anajifungia, anajenga chumba, na safari yake imekwisha. Halafu anamchipuza jirani ubavuni, jirani naye anamchipuza mwingine, mpaka mtaa unajaa, na wote asili yao ni yule mmoja aliyechoka kuogelea. Wamo hata wapangaji wasiojua kula. Kazi yao kulinda tu, wana kitu kama mdomo wa ndege cha kuwabana wavamizi, na hulishwa na majirani. "Kama Funguo," alisema Mama Povu siku aliyofundishwa hilo, na utani huo ukala chumvi miaka thelathini.

Ili kujua yupi ni yupi, hutazami rangi. Unatazama mlango: umbo lake, meno yake, na miiba iliyouzunguka. Lakini mlango hauonekani vizuri mpaka nyama iondoke, na nyama huondolewa kwa dawa ileile ya kung'arishia nguo, iliyochanganywa na maji. Unatumbukiza kipande, povu linapanda, unahesabu dakika kumi, unatoa, unasuuza mara tatu. Hapo ndipo jina la Mama Povu lilipotoka. Na ole wako uzidishe. Miiba imeshikwa shinani na ngozi laini, na dawa ikiila ngozi ile, miiba inapukutika yote.

Daktari aliinyanyua droo, akaivuta. Ndani ya kisanduku cha karatasi ngumu, juu ya pamba, kililala kipande cheupe kisichozidi ukucha wa kidole gumba.

"Nisomee, Mama. Hapa mimi ni kipofu."

Mama Povu hakuhitaji kusoma. Alikuwa anakijua kibandiko kile kwa moyo. "'Kielelezo cha kwanza. Kutoka ganda la chaza, kina cha pima kumi na nane. Kimeoshwa dakika kumi.'" Chini yake yalikuwa maneno mawili ya Kilatini. La kwanza lilikuwa la ukoo. La pili maana yake ni 'wa yule mwoshaji'.

"Ndiye wewe," alisema Daktari, uso wake ukichangamka.

"Ndiye mimi."

Nyumbani, ukurasa wa jarida ambamo Mwalimu alimtangaza mnyama huyo ulikuwa kwenye fremu, juu ya televisheni. Mwanawe alimwonyesha kila mgeni hata kabla hajamkaribisha kiti. Mjukuu wake aliwatangazia darasa zima kwamba bibi yake ana mnyama, na mwalimu wao alipotaka kujua ni mbwa au ni paka, mtoto alijibu kwa dharau kwamba ni mnyama wa Kilatini. Mtu aliyeishia darasa la saba, akawaoshea wasomi maganda maisha yake yote, ana jina katika vitabu vya dunia. Si jambo dogo hilo.

Daktari alivuta kiti. "Mama, nimekuja kwa ajili ya huyu. Ndugu yake wa kawaida, aliyejaa kwenye kila gati, ana miiba minne mlangoni. Huyu hana hata mmoja. Tofauti yao ni hiyo peke yake. Na tangu Mwalimu amwandike, miaka thelathini na sita, hakuna aliyemwona tena. Nimepiga mbizi palepale alipotoka. Safari tisa. Sikumpata." Akashusha pumzi. "Ripoti yangu inakwenda wiki ijayo. Nitaandika kwamba huenda ametoweka duniani."

"Ametoweka," alirudia Mama Povu.

"Imeniuma, sikufichi. Nimemtafuta miaka minne. Lakini kuna kitu kimoja. Mwalimu ameandika kwamba kando ya kila mlango pana vitundu vinne, hajui kazi yake. Mimi ningesema hayo ni mashina ya miiba iliyong'oka. Ila miiba yote haing'oki kwa dakika kumi, haiwezekani. Na aliyeosha ni wewe." Alimtazama usoni. "Unakumbuka, Mama? Zilikuwa dakika kumi kweli?"

Kitita cha funguo kiliacha kulia.

"Dakika kumi," alidakia Funguo. "Si imeandikwa hapo? Mwalimu hakuwa mtu wa kubahatisha."

"Nimemuuliza Mama," alisema Daktari kwa upole. Mara simu yake ikaita, akaitazama, akaomba radhi, akatoka nayo kwenye korido.

Mama Povu alikaa kwenye kigoda chake. Siku ile ilikuwa saa nne asubuhi. Alikuwa amemimina dawa kwenye kisahani, kali vilevile ilivyotoka kwenye chupa, akatumbukiza kipande, akageuka kuchukua jagi la maji aizimue. Hapo ndipo mlango uliposukumwa: simu ya ofisini, mtoto wake wa miaka miwili ameshikwa na degedege, amekimbizwa hospitali. Alikimbia na ndala za kazini, jagi akaliacha sakafuni. Mtoto alipona. Ndiye huyu mwenye fremu leo. Aliporudi ilikuwa kesho yake saa sita mchana, na kipande kilikuwa bado ndani ya kisahani, cheupe kuliko meno. Akakisuuza mara tatu, akakikausha, akakilaza kwenye pamba. Alikusudia kusema.

Lakini mwaka huo Mwalimu alikuwa amefiwa na mkewe. Miezi mitano mtu hajacheka. Alikuwa akiletewa chai inapoa mbele yake mpaka inafanya utando, inaondolewa, analetewa nyingine. Alasiri ile alirudi kutoka safarini, akaketi kwenye hadubini kwa mazoea tu, akakawia, akaanza kupapasa kalamu bila kunyanyua kichwa. "Mama, njoo! Njoo uone, hana miiba! Hana mwiba hata mmoja!" Uso wake ulikuwa umerudi ule wa siku ya maganda arobaini na moja. Akamuuliza, ili aandike tu, kwa kuwa ni utaratibu: amekaa kwenye dawa muda gani?

"Dakika kumi, Mwalimu," alisema.

Basi. Maneno matatu. Jarida lilipotoka, Mwalimu alimwita akamwonyesha neno la pili kwa kidole, akamweleza maana yake, naye alitaka kusema hapohapo, mdomo ukagoma. Mwaka uliofuata ukawa mzito zaidi, na uliofuata zaidi. Halafu Mwalimu akafa, miaka kumi na moja sasa, akiamini. Mama Povu alijiambia: mwenyewe amekufa, mnyama amekufa, nani anaumia?

"Usiwe mjinga," Funguo alinong'ona, ameinama mpaka tumbo likagusa meza. "Tunaojua ni wawili tu hapa duniani. Unataka Mwalimu aonekane hajui kazi? Kaburini?"

Mama Povu alimtazama. "Wewe umejuaje?"

"Si mimi niliyekuja kukuita kwenye simu? Jioni nikapita kufunga madirisha, nikakiona kisahani." Alijipangusa paji la uso. "Nikasema, dawa ya watu siigusi, nisije nikaharibu. Ningekitoa tu. Miaka yote hii najiuliza kwa nini sikukitoa."

Hakuwahi kumwona Funguo na uso ule. Alitaka kumshika mkono, lakini hawakuwa watu wa kushikana mikono.

"Mficha uchi hazai, Funguo."

"Wewe umeshazaa, umelea, na duka umefunga! Nyamaza, umalize uzee wako kwa heshima."

Ilikuwa kweli, hilo ndilo lililomchoma. Kunyamaza kulikuwa rahisi, na hakuna mtu angejua. Angerudi nyumbani akakaa chini ya fremu yake. Na yule binti wa watu angekwenda kuutangazia ulimwengu msiba wa asiyekufa.

Daktari alirudi, simu mkononi. "Samahanini. Tulikuwa wapi?"

"Saa ishirini na sita," alisema Mama Povu.

"Eh?"

"Siyo dakika kumi, mwanangu. Saa ishirini na sita. Na dawa haikuwa na tone la maji."

Akamweleza yote, kisahani, simu, degedege, chai yenye utando. Hakujitetea na hakupunguza, na kila alipofika mahali pa aibu alipunguza mwendo ili asiparuke. Funguo alitazama dari. Alipomaliza, Daktari alikuwa amesimama dirishani, amewapa mgongo.

"Safari tisa," alisema Daktari.

"Najua."

"Hujui, Mama. Safari ya saba mkondo ulinichukua. Nilivutwa kwenye mashua kama mzigo. Nikarudi tena mara mbili, kwa sababu ya dakika zako kumi."

Hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. Mama Povu alihisi machozi yanamshuka, akayaacha. Samahani ni neno dogo sana kwa mtu aliyenusurika kuzama. Alilisema hivyo hivyo, dogo lilivyo.

Daktari alirudi mezani, akaweka kipande chini ya hadubini, akainama muda mrefu. Alipoinuka, macho yalikuwa mekundu lakini sauti imetulia. "Mashina. Manne manne, kila mlango. Ni ndugu yake wa gatini, huyohuyo." Akakaa. "Kanuni unazijua. Jina la zamani ndilo linalobaki. Lako litashushwa chini yake, kwa herufi ndogo. Halifutwi, ila hakuna atakayemwita mnyama kwa jina hilo tena."

"Liandike hivyo."

"Na kosa niandike la nani?"

"Langu. Usimwandike Mwalimu kuwa mzembe. Andika kwamba alimwamini mtu wake, na mtu wake akamdanganya." Alimsogezea Daktari kisanduku. "Na saa uziandike zote ishirini na sita, usinipunguzie."

"Andika na karani wa stoo," alisema Funguo kwa sauti ya kukwaruza. "Alikiona kisahani akakipita."

Daktari aliwatazama wazee wale wawili, mmoja analia, mwingine anagombana na kola ya shati lake, na kwa mara ya kwanza tangu dirishani alitabasamu, kidogo, kama mtu aliyechoka. Aliandika. Kalamu ilikwaruza karatasi kwa muda. Mama Povu aliwaza jioni ya leo, mwanawe akirudi kazini, na atakavyoanza kumwambia. Angemwambia yeye mwenyewe, kabla ya chakula. Hapana, baada ya chakula. Mtu hapewi habari kama hiyo na njaa.

"Mama," Daktari alisema ghafla, bado anaandika, "hawa umewaosha miaka mingapi?"

"Thelathini na minne."

"Uliwahi kuwaona wakiwa hai?"

Swali hilo hakuwahi kuulizwa. Alilifikiria kwa haki. "Walikuwa wananifikia wamekauka, au wamelewa spiriti. Mimi nilikuwa mwosha maiti, mwanangu."

Daktari alifunga daftari. Akafungua begi, akatoa chupa ya plastiki yenye maji ya bahari, na ndani yake ganda la kome alilolibandua asubuhi kwenye ngazi za gati, kwa ajili ya kulinganisha. Alimimina maji kwenye bakuli la kioo, akalaza ganda ndani, akalisogeza chini ya hadubini. Kisha akainuka, akampisha kiti.

Mama Povu alifuta macho kwa upindo wa khanga, akaweka jicho. Mtaa ulikuwa palepale, lakini haukuwa mweupe. Ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa, umeloa, na kwenye kila mlango palisimama miiba, mmoja, miwili, mitatu, minne. Milango yote ilikuwa imefungwa.

"Hawatoki."

"Wametikiswa njiani. Wamenuna."

"Wana haki yao."

"Usiguse meza. Subiri tu."

Alisubiri. Funguo alikuja kusimama nyuma yake, akakishika kitita chake kwa mikono miwili kisilie. Nje mtu alikuwa anafagia ua. Mgongo ulianza kumuuma Mama Povu, kisha shingo, naye hakusogea. Mlango mmoja, wa pembeni kabisa, uliinuka unywele, ukashuka. Ukainuka tena. Kikachomoza kitu chembamba, kama kinachochungulia hali ya hewa, kikapanda, kikafunguka mara moja kuwa duara la nyuzi nyuzi zinazopepea, jembamba kiasi cha kuona upande wa pili. Jirani yake akainua mlango. Na wa upande wa pili.

"Umeona?" aliuliza Daktari.

Mama Povu alikuwa amezuia pumzi, meza isitikisike, na chini ya jicho lake mlango wa nne ulikuwa unafunguka, na wa tano, na mwingine, kuelekea mwisho wa mtaa.